Darasa moja, vikwazo tofauti: Namna ya kumfunza kila mtoto wa Garsen kusoma na kuandika

KATIKA shule nyingi za msingi zilizo kandokando ya Mto Tana, mwalimu wa gredi ya tatu hukabiliwa kila asubuhi na darasa ambalo kwa hakika ni madarasa manne au matano yaliyokusanywa chini ya paa moja.

Yumo mtoto wa Kipokomo ambaye wazazi wake hupanda mpunga na migomba ukingoni mwa mto. Yumo wa Kiorma aliyefika majuzi pamoja na mifugo ya babake baada ya malisho kukauka huko nyikani. Wamo Wardei na Munyoyaya, na pengine mtoto aliyehamia kutoka Kipini, mahali ambapo mto huo humwaga maji yake baharini, na ambaye amezungumza Kiswahili tangu alipoanza kutamka. Wote hufungua kitabu kile kile, ukurasa ule ule, na wote hutarajiwa kufika mwisho wa aya kwa wakati mmoja.

Asiyefika huandikiwa maneno matatu ya Mtaala wa Umilisi: "mbali na matarajio".

Maneno hayo yana kasoro moja kubwa. Hayaelezi ni kitu gani kilichomweka mtoto mbali, na pasipo kulijua hilo mwalimu hana njia ya kumsogeza karibu.

Chukua mfano wa watoto watatu walioandikiwa hivyo katika somo la Kiswahili. Wa kwanza ni yule wa Kipini. Akisimuliwa hadithi ataisimulia tena tangu mwanzo hadi mwisho, na kuitia chumvi. Lakini akionyeshwa herufi b na a, hawezi kuziunganisha zikawa ba. Wa pili ni yule wa Kiorma. Akipewa sentensi "Vijana walivuna mpunga shambani", ataitamka silabi kwa silabi bila kuteleza. Aulizwapo vijana walivuna nini, hunyamaza, kwa kuwa neno "walivuna" halijapata kumfikia nje ya kitabu. Wa tatu hana tatizo la herufi wala la lugha. Ameketi safu ya nyuma na haoni ubaoni.

Dawa inayotolewa kwa kawaida ni moja: darasa zima lirudie kusoma kwa sauti, mwalimu akitangulia. Mtoto wa kwanza atakariri ukurasa pasipo kuutazama. Wa pili atazidi kuwa na sauti nzuri. Wa tatu atafuata midomo ya wenzake. Baada ya mwezi mmoja wote watatu watakuwa pale pale walipokuwa, ingawa kelele za darasa zitamfanya anayepita nje aamini kwamba kazi inafanyika.

Wataalamu wawili, Philip Gough na William Tunmer, walilieleza jambo hili mwaka 1986 kwa hesabu ndogo ambayo hadi leo hutumiwa na watafiti wa usomaji. Walisema kwamba kusoma kwa kuelewa ni zao la vitu viwili: uwezo wa kubadilisha maandishi kuwa sauti, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe inapozungumzwa. Walichagua kuzidisha badala ya kujumlisha kwa makusudi. Kimoja kikiwa sufuri, jibu ni sufuri hata kama cha pili ni kikubwa namna gani.

Kiswahili huuweka wazi ukweli huo kuliko Kiingereza. Kina irabu tano tu, kila moja na sauti yake isiyobadilika, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Mtoto aliyezimudu silabi anaweza kutamka karibu neno lolote, liwe ni "mama" au "ushirikiano", pasipo kujua maana yake. Urahisi huo ni neema kwa mwalimu wa kusoma, lakini pia humdanganya. Katika Kiingereza, mtoto asiyeelewa hukwama mapema na kujulikana. Katika Kiswahili anaweza kusoma kwa ufasaha hadi gredi ya nne kabla ya mtu yeyote kugundua kwamba haelewi.

Ndiyo sababu pia viwango vya kasi vilivyowekwa nchini havilingani. Msomaji wa gredi za chini huhesabiwa kuwa mahiri akisoma maneno 65 kwa dakika katika Kiingereza, lakini katika Kiswahili yanatosha 45. Neno la Kiswahili hubeba mzigo mkubwa zaidi: "hawakutuambia" ni neno moja, ilhali Mwingereza huhitaji manne au matano kusema hayo hayo.

Kaunti ya Tana River ina lugha za familia mbili zilizo mbalimbali kabisa. Kipokomo ni lugha ya Kibantu, jirani wa karibu wa Kiswahili na lugha za Mijikenda. Kiorma ni cha jamii ya Kioromo, ambayo matawi yake yameenea hadi kaskazini mwa Ethiopia. Mtoto wa Kipokomo huja shuleni akiwa tayari na ngeli kichwani. Anajua kwamba nomino huvuta nyuma yake vivumishi na vitenzi. Ukaribu huo nao una mitego. Huenda akaandika "muntu" anapokusudia "mtu". Mwalimu asiyejua Kipokomo ataona uzembe, kumbe mtoto ameandika kwa usahihi kile anachokisikia nyumbani.

Mtoto wa Kiorma huanzia mbali zaidi. Lugha yake hugawa nomino katika jinsia mbili, ya kiume na ya kike, na huweka kitenzi mwishoni mwa sentensi. Ngeli kwake ni kitu kigeni kama vile jinsia za Kifaransa zilivyo kwa Mswahili. Sauti za p na v hazina asili katika lugha za Kioromo, hivyo si ajabu akaandika "fitabu". Akiandika "kitabu yangu", hajasahau kanuni. Hajawahi kuwa nayo. Mstari mwekundu chini ya kila kosa haumfundishi lolote. Afadhali apewe ngeli moja kwa juma zima, akusanye darasani kiti, kisu, kikombe na kijiko, aviweke kwa umoja na kwa wingi, avitaje vikiwa vikubwa na vidogo, kisha ndipo aandike.

Sera ya lugha ya Kenya, tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, imetaka mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo la shule yake. Katika kijiji chenye jamii moja hilo linawezekana. Katika vituo vyenye mchanganyiko kama mji wa Garsen, lugha ya eneo huwa ni Kiswahili, na hapo mtoto wa mfugaji huanza safari akiwa nyuma ya wenzake kabla ya kengele ya kwanza kulia.

Hata hivyo, si kweli kwamba huja mikono mitupu. Watoto wengi wa Kiislamu, wakiwemo Waorma, Wardei na Wapokomo wengi wa juu ya mto, hupitia duksi au madrasa kabla ya shule au sambamba nayo. Mtoto wa namna hii amekwisha kufahamu kwamba alama ya wino huwakilisha sauti, tena amejizoeza kukaa kitako na kukumbuka. Tofauti ni kwamba herufi zake huanzia kulia. Akianza kuandika kutoka upande huo katika daftari la Kiswahili, hana kasoro ya akili wala ya macho. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa katika pwani hii hii kabla ya herufi za Kirumi kushika nafasi. Upande wa Wapokomo wa chini, wamisionari wa Kijerumani kutoka Neukirchen waliofika katika miaka ya 1880 na kuweka makao Ngao waliiandika lugha yao kwa herufi hizo za Kirumi. Kwa hiyo jamii mbili zinazokaa jirani zimeirithi kalamu kwa njia mbili tofauti.

Juu ya tofauti za lugha kuna kalenda ya mto. Mafuriko ya mwaka 2018, ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024 yaliziondoa familia nyingi za Tana Delta katika makao yao. Mwaka 2024 wizara ililazimika kuahirisha ufunguzi wa muhula wa pili nchini kote. Kabla ya hapo, ukame wa kati ya 2020 na mapema 2023 uliwasukuma wafugaji huku na kule kutafuta maji. Mtoto anayehama na ng'ombe na yule anayehamishwa na maji hurudi darasani na mapengo yasiyofanana. Mmoja alikosa somo la silabi zenye "ng'", mwingine lile la vituo vya uandishi.

Mpango wa Tusome, ulioenezwa kote nchini kuanzia mwaka 2015 kwa ufadhili wa Marekani na Uingereza, ulileta jambo ambalo shule za mashambani hazikuwa zimelizoea: kitabu kimoja kwa kila mtoto, na mwongozo uliomwelekeza mwalimu somo la kila siku. Watafiti waliona usomaji ukiimarika. Lakini mwongozo wa namna hiyo husonga mbele kama gari la moshi. Mtoto aliyekaa majuma matatu katika kambi ya waathiriwa wa mafuriko hulikuta limekwisha kupita vituo kumi na vitano. Wala fedha za wafadhili hazitegemeki tena kama zamani, hasa baada ya shirika la USAID kufungwa mwaka 2025.

Kwamba kitabu kimoja hakiwafai wote si dhana tupu. Lilipimwa hapa hapa Kenya. Katikati ya miaka ya 1990, watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia shule za Busia na Teso zilizogawiwa vitabu vya bure. Wengi walitarajia alama zipande. Wastani haukupanda. Walionufaika ni wale wanafunzi waliokuwa bora tangu awali, kwa kuwa wengine hawakuweza kuusoma ule Kiingereza kilichokuwa ndani ya vitabu.

Mwaka 2005 ulifanyika utafiti mwingine magharibi mwa Kenya, safari hii na Esther Duflo, Pascaline Dupas na Kremer. Shule 121 zilipewa mwalimu wa ziada wa darasa la kwanza. Katika baadhi yake wanafunzi waligawanywa bila mpango. Katika nyingine waligawanywa kulingana na alama zao. Baada ya mwaka mmoja na nusu, shule zilizogawa kwa kiwango zilikuwa mbele, na waliofaidika ni wa juu na wa chini pia. Maelezo ya watafiti hao yalikuwa mepesi: mwalimu aliweza kufundisha pale watoto walipokuwa, badala ya pale mtaala ulipowadhania.

Shirika la Pratham la India limeijenga njia nzima juu ya wazo hilo. Watoto hupimwa kwa dakika chache, kisha kwa sehemu ya siku hupangwa kwa kile wanachoweza kusoma bila kujali umri wala darasa. Nchini Kenya, kipimo cha aina hiyo kilizoeleka kupitia Uwezo, ambao ulianza kuwapima watoto majumbani mwaka 2009 na kufichua kwamba takriban watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliimudu kazi ya darasa la pili. Shirika la Zizi Afrique limeitumia njia ya makundi ya viwango katika kaunti kadhaa, Turkana, Bungoma na Tana River zikiwemo, likiwalenga wanafunzi wa gredi ya tatu hadi ya tano ambao bado hawajajua kusoma.

Hapa panahitaji tahadhari ambayo tafiti za magharibi mwa Kenya hazikulazimika kuiwaza sana.

Garsen si mahali ambapo mwalimu anaweza kuwagawa watoto pasipo kutazama nani ameangukia wapi. Kati ya Agosti 2012 na mapema 2013, mapigano baina ya Wapokomo na Waorma katika eneo la Tana Delta yaliua zaidi ya watu 100, wanawake na watoto wakiwa miongoni mwao. Vijiji vilichomwa. Sasa fikiria kipimo cha Kiswahili kinachotolewa katika shule yenye jamii zote mbili. Kwa sababu za kiisimu zilizokwisha kuelezwa, uwezekano ni mkubwa kwamba kundi la juu litajaa watoto wa wakulima na la chini watoto wa wafugaji. Mwalimu atakuwa amepanga kwa nia njema kabisa. Mzazi atakayechungulia dirishani ataona kitu kingine.

Hatari hiyo haitoshi kuwa sababu ya kurejea katika ukurasa mmoja kwa wote, ila inadai kwamba kundi lisiwe nyumba ya kudumu. Mgawanyo unaofaa ni wa muda mfupi na wa kazi mahususi. Somo la gredi za chini huchukua dakika 30. Dakika kumi za mwanzo darasa zima laweza kusikiliza hadithi moja na kuizungumzia. Kumi na tano zinazofuata ziwe za makundi. Tano za mwisho wote warudi pamoja. Makundi nayo yabadilike kwa kazi. Wasiojua silabi hukaa pamoja wakati wa silabi, na humo mtoto wa Kipini mwenye maneno mengi atajikuta ubavuni mwa mtoto wa mfugaji ambaye hajasoma. Wanaohitaji msamiati hukaa pamoja wakati wa msamiati, na watu huwa wengine.

Tena wapo watoto ambao ni dawa ya wenzao. Yule wa Kiorma anayetamka bila kuelewa na yule wa Kipini anayeelewa bila kutamka wanaweza kupewa ukurasa mmoja wausome wawili. Mmoja huleta sauti, mwingine maana. Hakuna anayekuwa mwalimu wa mwenzake siku zote, na jambo hilo lina uzito wake katika kijiji ambacho wazazi wao walipata kukimbiana.

Majina ya makundi pia yana athari. Mtoto hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba "kundi C" ni la wajinga. Walimu wengine hutumia majina ya miti au samaki, ingawa watoto huvumbua maana haraka ikiwa wanaokaa kwenye mwembe ni wale wale kuanzia Januari hadi Oktoba.

Kipimo chenyewe hakihitaji mtambo. Karatasi moja yenye silabi, maneno, aya fupi na hadithi inatosha, pamoja na maswali mawili ya ufahamu yanayoulizwa kwa mdomo. Kila mtoto husikilizwa peke yake. Kwa darasa la wanafunzi 60, dakika tano kwa kila mmoja ni saa tano, yaani kazi ya juma moja ikigawanywa vizuri. Swali moja la ziada laweza kuokoa miezi mingi: asiyeelewa aya asomewe kwa lugha ya nyumbani na mtu anayeijua. Akielewa, kilichopungua ni Kiswahili. Asipoelewa, mwalimu atafute kwingine.

Huko kwingine ndiko wanakopatikana watoto ambao hupotea kirahisi zaidi. Usikivu ulioharibiwa na maradhi ya masikio, macho yasiyoona mbali, ulemavu wa ngozi unaokwenda sambamba na uoni hafifu: yote haya darasani hufanana na uvivu. Kuna pia disleksia, ambayo katika Kiswahili hujificha. Kwa kuwa tahajia yetu haina ghilba, mtoto mwenye tatizo hilo huenda asikosee maneno mengi. Husoma tu polepole mno, mwaka baada ya mwaka, hata baada ya wenzake wa kundi lile lile kuondoka. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizojumuishwa na jamii na ya kutumia lugha ya ishara au Breli. Vituo vya serikali vya kuwapima watoto wa aina hii vilianzishwa mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, mwaka 1986. Kwa mzazi wa kijiji kilichokatwa na maji, kituo hicho kinaweza kuwa umbali wa siku nzima. Wakati akisubiri, mwalimu anaweza kumketisha mtoto mbele, kumwandikia kwa herufi kubwa, na kumtazama usoni anapozungumza. Hayo hayana gharama.

Uandishi ndio unaorahisisha mambo zaidi, kwa sababu mada moja huweza kubeba viwango vyote. Mwalimu akiandika ubaoni neno "Mafuriko", hakuna mtoto wa Tana Delta asiye na la kusema. Mmoja atachora mtumbwi, nyumba na ng'ombe, kisha aandike jina chini ya kila kimoja. Mwingine atapewa vianzio: "Maji yalipofika, sisi…", "Tulirudi nyumbani baada ya…". Wa tatu ataandika insha ya ukurasa mzima. Asiyejua kuandika kabisa atamsimulia mwalimu kwa Kiswahili alicho nacho, mwalimu aandike sentensi mbili jinsi zilivyosemwa, halafu mtoto azisome. Ni nadra mtoto kushindwa kusoma maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe.

Kazi hizo zote hubandikwa ukutani pamoja, mchoro karibu na insha. Majuma sita baadaye, au mara tu baada ya barabara kufunguliwa na waliohama kurejea, ile karatasi ya silabi, maneno, aya na hadithi hutolewa tena kabatini na makundi yakapangwa upya.